Nani Anajua Kilichomo Ndani ya Nguzo?

Tarehe 17 Julai 2007, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, ardhi ilitikisika chini ya mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 5.9. Nairobi wafanyakazi wa maofisini walishuka ngazi mbio wakajaa barabarani. Ukipima kwenye ramani utaona Moshi iko karibu zaidi na Gelai kuliko Nairobi.

Miaka tisa baadaye, Jumamosi ya 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, zamu ikawa ya Kagera. Kiini cha tetemeko kilikuwa upande wa Nsunga, wilayani Missenyi, kina cha kilomita kama 40 kwenda chini, na ukubwa wake ulikuwa uleule: 5.9. Safari hii watu 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na nyumba kwa maelfu zikaanguka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Kwa bahati, alasiri ya Jumamosi madarasa hayana watu.

Namba ni ileile, na la Gelai hata lilikuwa karibu zaidi na uso wa ardhi. Kilichotofautiana ni vilivyosimama juu yake. Chini ya Gelai kuna maboma ya Wamasai, nyumba nyepesi za fito na samadi ambazo zikiyumba huyumba na zikianguka hazimlalii mtu kwa tani. Kagera kulikuwa na mji wa Bukoba na vijiji vya nyumba za tofali, nyingi zikiwa zimeungwa kwa tope, bila lenta wala nondo.

Sasa njoo kwetu Mkuu, wilayani Rombo, chini ya Kilimanjaro. Mgeni akifika Rombo na kuinua macho kukitazama kilele cha Mawenzi, huuliza kama mlima huu hautalipuka. Ni swali la kuuheshimu mlima, lakini limebisha mlango usio wake. Kibo, kilele kingine cha mlima huo, bado inatoa mvuke na harufu ya salfa, na wataalamu husema imelala, haijafa. Hata hivyo, mtikisiko wa kuangusha ukuta wa Mkuu una njia fupi zaidi ya kutufikia: nyufa za Bonde la Ufa kule magharibi, ambako bara hili linaachana milimita chache kila mwaka bila kumwomba mtu ruhusa. Uwezekano wa tetemeko kubwa kabisa hapa kwetu si wa kutukosesha usingizi. Ila Bukoba nako, asubuhi ile ya Septemba, hakuna aliyekuwa anawaza tetemeko.

Na sisi tunajenga. Toka Marangu Mtoni, pita Mwika, fika Mkuu, endelea mpaka Tarakea, uhesabu majengo yaliyoota kando ya lami tangu barabara hiyo ikamilike. Chini fremu za maduka, juu vyumba vya kupanga au nyumba ya wageni, na kileleni nondo zimeachwa zimesimama zikisubiri ghorofa nyingine Mungu akijalia. Ukiacha barabara na kuingia vihambani, kwenye migomba ya ukoo, unakutana na nyumba za Desemba: ghorofa moja au mbili, vigae vya rangi, geti la chuma, mwenye nyumba yuko Dar es Salaam au Mwanza na ndani analala mlinzi. Mchagga huhesabiwa kwao, na nyumba kihambani ni sehemu ya kuhesabiwa huko. Sina ugomvi na jambo hilo. Ninachouliza ni nani amewahi kuzipima nyumba hizi kwa swali la tetemeko, na kama atatokea wa kuzipima, atazipimaje.

Njia za kupima zipo, tena nyingi, na mtu akizisikia kutoka kwa mhandisi anaweza kudhani zimewekwa ili asizielewe. Msingi wake si mgumu. Jengo letu la kawaida limehesabiwa kubeba uzito unaoshuka: watu, kuta, paa, matangi ya maji. Tetemeko halisukumi chini, linavuta ardhi kwa upande, na jengo, kwa uzito wake lenyewe, linagoma kufuata. Kadiri lilivyo zito ndivyo linavyojiumiza, na uzito ulioko juu ndio mbaya zaidi. Mgomba wenye mkungu mkubwa huanguka kwa upepo ambao mgomba mtupu haukuusikia.

Njia ya kale ya kuhesabu nguvu hiyo ni kuchukua sehemu ya uzito wa jengo na kuigeuza ielekee upande. Waitaliano walianza hesabu za namna hiyo baada ya Messina kubomoka Desemba 1908. Wajapani, walipokwisha kuizika Tokyo ya tetemeko la Kanto la 1 Septemba 1923, waliandika katika kanuni zao mwaka 1924 kwamba jengo lihesabiwe kuhimili asilimia 10 ya uzito wake kwa upande. Kanuni za leo zimeongeza mengi, yakiwemo aina ya udongo, urefu wa jengo na unyumbufu wa nguzo zake, lakini mzizi ni huo.

Tuliweke jengo la Mkuu kwenye mizani hiyo. Chukua lenye slabu nne, kila moja mita za mraba 200. Kwa makadirio ya haraka, slabu pamoja na kuta na nguzo zake ni kama tani moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo jengo zima ni tani 800. Asilimia 10 yake ni tani 80 zinazosukuma kwa upande. Sasa fungua BS 8110, kanuni ya zamani ya Uingereza iliyowalea wahandisi wetu wengi walio kazini. Haina sura ya matetemeko, kwa sababu Uingereza haina shida hiyo. Inachodai ni kwamba jengo lihimili kwa upande angalau asilimia 1.5 ya uzito wake, au upepo kama upepo ni mkubwa zaidi. Asilimia 1.5 ya tani 800 ni tani 12. Mhandisi aliyefuata kitabu chake kwa uaminifu wote, asiyekula hata mfuko mmoja wa saruji, anaweza kutuachia jengo lililohesabiwa kwa tani 12 pale ambapo Mjapani wa mwaka 1924 angedai 80.

Jirani zetu waliligundua pengo hili mapema. Kenya iliandika mwongozo wake wa ujenzi na matetemeko mwaka 1973. Uganda, ambako tetemeko la Toro la Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100, ilitoa kiwango chake cha usanifu mwaka 2003. Kuandika na kutii ni mambo mawili, hilo wenzetu nao wanalijua, lakini kilichoandikwa angalau kinaweza kufunguliwa mbele ya hakimu.

Hesabu ya asilimia inafaa kwa jengo lililonyooka, lenye umbo moja kutoka chini hadi juu. Likiwa refu au limepinda, mhandisi huhesabu jinsi linavyocheza. Kila jengo lina mwendo wake wa asili. Kwa makisio ya mafundi wa hesabu hizi, gawanya idadi ya ghorofa kwa kumi upate sekunde zake. La ghorofa tano hucheza kwenda na kurudi kwa nusu sekunde hivi. Na udongo una mwendo wake. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lilipiga pwani ya Mexico, zaidi ya kilomita 350 kutoka mji mkuu, likapita maeneo mengi bila madhara makubwa, kisha likaingia Mexico City iliyojengwa juu ya tope la ziwa la zamani. Tope lile lilicheza kwa sekunde kama mbili, na majengo ya ghorofa 6 hadi 15, ambayo mwendo wake ulikaribia huo kadiri yalivyopasuka na kulegea, ndiyo yaliyoangamia zaidi. Kwa hiyo anayepima majengo ya Moshi asiishie kwenye zege. Ardhi ya juu Rombo, yenye mawe ya volkano, si ardhi ya tambarare ya Kahe na Arusha Chini ambako mito imemwaga mchanga na tope kwa maelfu ya miaka. Kuna kifaa kidogo, kinabebwa na mtu mmoja, kinachosikiliza mtetemo hafifu wa ardhi unaoletwa na malori na upepo na kutoa mwendo wa udongo wa mahali hapo. Wilaya nzima inaweza kuzungukiwa kwa kifaa hicho.

Kisha kuna njia ambazo wanafunzi wa uhandisi hupenda kuzitaja kwenye mahafali. Moja ni kulijenga jengo ndani ya kompyuta na kulisukuma kwa upande taratibu, ukiongeza nguvu kidogo kidogo, uone nguzo ipi inapinda kwanza, ipi ya pili, na jengo linasogea sentimita ngapi kabla ya kulala. Marekani waliipa njia hii miongozo rasmi tangu mwaka 1996. Nyingine, iliyo ghali zaidi kwa muda na kwa akili, ni kuchukua kumbukumbu halisi ya tetemeko na kulitikisa jengo la kompyuta kwa sekunde zote za tetemeko hilo. Kumbukumbu maarufu kuliko zote ni ya El Centro, California, ya 18 Mei 1940. Imetikisa majengo ya kompyuta ya vyuo vya dunia nzima, hata ya nchi zisizo na uhusiano wowote na ardhi ya California. Kule mabamba ya ardhi husuguana ubavu kwa ubavu. Kwetu yanaachana.

Hapa ndipo nilipo na maoni, na nayasema nikijua yatawaudhi baadhi ya wataalamu: kwa majengo mengi ya Mkuu, Himo na Moshi, njia hizo za kompyuta ni za baadaye. Kompyuta hukujibu ulichoilisha. Ukiiambia nguzo ina nondo sita za milimita 16 na ringi kila sentimita 15, itakupa mchoro mzuri wenye rangi nyekundu na bluu. Nani atatuambia kama ni kweli? Ramani iliyopitishwa halmashauri ilikuwa ya ghorofa moja, fundi akaongeza ya pili kwa simu kutoka Dar. Nondo za 16 zilipopanda bei zikanunuliwa za 12. Ringi ni kazi ya kibarua wa kukunja, analipwa kwa siku, na hakuna aliyemweleza kwamba mkunjo wa mwisho wa ringi, ule unaoingia ndani ya zege kwa pembe, ndio unaoizuia nguzo isifumuke inapopinda. Zege likishamwagwa siri zote zinazikwa.

Mji wa Dar es Salaam umetuonyesha bila kuhitaji tetemeko. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka la Kariakoo, likaua zaidi ya watu 20, na Rais akaagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Ardhi ilikuwa imetulia siku zote mbili.

Kwa hiyo ningeanzia nje ya jengo, kwa karatasi na kalamu. Shirika la maafa la Marekani, FEMA, lilitoa mwaka 1988 mwongozo wa kukagua majengo kwa macho kutoka barabarani, na toleo lake la tatu ni la 2015. Mkaguzi hutumia robo saa au nusu saa kwa jengo. Anaandika aina ya jengo, anatoa alama ya kuanzia, kisha anapunguza: umbo limekatika, udongo ni laini, ghorofa ya chini ni wazi, jengo ni la kabla ya kanuni. Linalobaki na alama chini ya 2 linapelekwa kwa mhandisi. Alama yenyewe si ya kubuni hewani. 2 ina maana ya nafasi 1 kati ya 100 ya kuporomoka katika tetemeko kubwa linalokadiriwa kwa eneo hilo, na 3 ina maana ya nafasi 1 kati ya 1,000. Alama za Marekani hatuwezi kuzivaa zilivyo, maana nyumba zao za mbao hazina ndugu huku. India ilitengeneza karatasi zake. Nasi hatushindwi.

Karatasi ya Kilimanjaro ningependa iwe na mambo mawili juu kabisa. La kwanza ni fremu. Ghorofa ya juu ina kuta za tofali kila chumba na hizo, hata kama mhandisi hakuzihesabu, zinaikaza. Ghorofa ya chini upande wa barabara ni milango ya chuma mitupu. Tetemeko likija, ghorofa za juu husogea kama kitu kimoja, na msogeo wote unaangukia nguzo za chini ambazo hazina wa kuzisaidia. Ndivyo majengo mengi ya maduka yalivyokaa Uturuki tarehe 6 Februari 2023, siku ambayo zaidi ya watu 50,000 walikufa nchini humo. Na Uturuki ina kanuni nzuri za matetemeko. Ila mwaka 2018 serikali yake ilitoa msamaha: aliyejenga kinyume cha kibali alilipa ada na jengo likahalalishwa. Wanaoijua habari ya kulipia faini na kuendelea na ujenzi hawahitaji nitaje wilaya.

La pili ni mteremko, na hapa Rombo tuna somo ambalo vitabu vya tambarare hulipitia haraka. Jengo lililokaa kwenye mteremko lina nguzo ndefu upande wa bondeni na fupi upande wa mlimani, zote zikibeba slabu moja. Jicho husema ndefu ndizo za hatari. Hesabu inasema vingine: kwa nguzo mbili za unene sawa, iliyo nusu ya urefu ina ukakamavu mara 8. Slabu ikisogea sentimita moja, nguzo zote zinalazimika kusogea hiyohiyo moja, na ile fupi, kwa kuwa ni kakamavu, inabeba mzigo mara 8 ya mwenzake. Hupasuka kwa msalaba mfano wa X, ghafla, bila kupinda kwanza. Jambo hilohilo hutokea madarasani pale ukuta wa chini ya dirisha unapobanwa kwenye nguzo na kuiachia kipande kifupi tu cha kucheza. Shule zetu zimejaa madirisha ya namna hiyo. Dawa yake ni nafuu kuliko vitu vingi halmashauri inavyonunua: acha mwanya wa sentimita chache kati ya ukuta na nguzo, uzibe kwa kitu laini.

Jengo lililoanguka mtihani wa karatasi ndilo liingiliwe. Ipo nyundo ya Schmidt, iliyobuniwa Uswisi mwaka 1948, inayogonga zege na kusoma jinsi inavyorudishwa. Haisemi kweli yote, kwa kuwa plasta na umri wa zege huidanganya, lakini inaonyesha nguzo ipi ni dhaifu kuliko jirani zake. Kuna kifaa cha sumaku cha kutafuta nondo bila kubomoa. Na pale penye shaka kubwa unatoboa, unatoa kipande cha zege cha duara, unakipeleka maabara kikaminywe hadi kivunjike. Baada ya hapo kompyuta inaweza kuitwa, kwa sababu sasa ina cha kula. Kwa hospitali kama KCMC, iliyofunguliwa 1971, au Huruma hapa Rombo, ningetaka hatua zote zifuatwe mpaka ile ya mwisho. Sisemi ni mbovu. Nasema siku ya tetemeko ndiko tutakakokimbizia majeruhi, na hospitali inayosimama lakini haiwezi kufanya kazi ni sawa na iliyoanguka.

Watakaonipinga watasema Mkuu ina shida za maji, na bei ya kahawa, na vijana wasio na kazi, na kwamba nawaletea watu hofu ya jambo linaloweza lisije katika maisha yao. Hoja ya maji naikubali kabisa. Ndiyo maana sizungumzii kubomoa wala kujenga upya. Nazungumzia karatasi na nusu saa, kuanzia shule, zahanati na makanisa, halafu majengo ya ghorofa ya barabarani. Nyumba ya chini yenye lenta iliyozunguka kuta zote na paa la bati haina haja ya kuingia kwenye foleni hiyo.

Kikwazo kikubwa zaidi nakiona kwingine. Ukaguzi wa jengo, kama wananchi wanavyoujua, una matokeo mawili: bahasha au alama nyekundu ya X ukutani. Anayekuja na karatasi na kofia ngumu atafungiwa geti, na mimi ningemfungia. Ukaguzi wa tetemeko hauwezi kufanyika kwa utaratibu huo. Unahitaji majibu yenye njia ya kutokea: hili liko sawa, hili lina nguzo za kuvalisha koti la zege na nondo, au lina ghorofa ya chini ya kuongezewa kuta mbili za zege kati ya fremu, hili liitiwe mhandisi. Na majibu ya nyumba ya mtu binafsi apewe mwenyewe kwanza, yasibandikwe ofisi ya kata. Majengo ya umma ndiyo yabandikwe, maana watoto wanaokaa humo hawana hiari ya kuhama.

Halmashauri ya Rombo itasema haina wahandisi wa kutosha wa kazi hiyo, na itakuwa inasema kweli. Lakini orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina majina mengi ya ukoo yanayotoka migombani hapa. Wengi wako Dar es Salaam na Dodoma, na wiki ya mwisho ya Desemba magari yao yamejaa njia ya Mwika. Wakati huohuo wenye nyumba wapo, funguo zipo, na fundi aliyejenga naye anapatikana, mara nyingi kwenye kilabu cha mbege, akiwa tayari kusema aliweka nondo ngapi ilimradi asiulizwe na polisi. Parokia na usharika zikitenga siku mbili kabla ya mwaka mpya, wahandisi ishirini wenye karatasi wanaweza kumaliza shule za tarafa nzima. Na fundi yule aketishwe nao meza moja.